Masikio ya Parmuat

Ng'ombe wa Mzee Parmuat huwezi kumwiba. Yaani kuiba unaweza, miguu anayo na njia iko, lakini utampeleka wapi? Kila mmoja ana mikato miwili ubavuni mwa sikio, halafu ncha imekatwa mshazari, kama nguo iliyopunguzwa na fundi mwenye haraka. Kutoka Kitengela mpaka Namanga, mtu akiona hilo sikio anasema, "Huyu ni wa Parmuat," na wewe mwizi unabaki hapo umeshika kamba, unaangalia milima.

Mimi sikuwa na ng'ombe. Mzee alinikumbusha hilo siku ya kwanza nilipokanyaga boma yake huko nje ya Kajiado, mwaka wa tisini na nane. Nilikuwa nimeletwa na binti yake, Naserian, niangalie injini ya kisima.

"Supa, ero," akanisalimu.

"Ipa," nikajibu. Naserian alikuwa amenifundisha Kimaasai kidogo njiani; ero ni kijana.

"Unaitwa nani?"

"Ojwang."

"Ojwang uko na ng'ombe ngapi?"

"Sina, mzee."

"Mbuzi?"

"Hapana."

"Hata kuku?"

"Niko na kompyuta."

Mzee akamgeukia binti yake; kwao mtu asiye Mmaasai ni olmeek. "Naserian, huyu olmeek ni mgonjwa?"

Injini yenyewe ilikuwa ya dizeli, mzee kuliko sisi wote, inavuta maji kutoka chini sana. Mwezi wa saba, baridi ya Kajiado ikishuka, hiyo injini inakataa kuamka kabisa. Vijana wanazungusha hendeli kwa zamu mpaka jasho linawatoka kwa baridi, na ng'ombe wamejipanga kwenye birika wanalia, birika kavu. Dawa yake ni hita plagi: kitu kidogo kama kidole, unakipa moto wa betri, kinakuwa chekundu ndani ya injini, dizeli inashika. Lakini za chuma za dukani zilikuwa zinaungua upesi, na za injini ya umri ule zilikuwa hazipatikani tena.

"Nitatengeneza ya udongo," Naserian akasema.

Nikacheka. "Naserian, udongo haupitishi umeme. Hata mtoto wa darasa la sita anajua."

"Wangu utapitisha."

Yeye alikuwa amesomea mambo ya vigae na vyungu vya viwandani, akafanya kazi kwa kiwanda cha vigae barabara ya Mombasa, na alikuwa anaongea juu ya udongo vile watu wengine wanaongea juu ya mashemeji. Huyu ni mkaidi. Huyu ana kiburi. Huyu ukimpa joto polepole atakusikia. Mimi nilikuwa nimesomea uinjinia, lakini si mpaka mwisho. Chuo kilifungwa, kikafunguliwa, kikafungwa tena. Mara ya tatu nikaona wacha nikifunge mimi mwenyewe, nikahamia Noonkopir, huko Kitengela, ambako nyumba hazikuwa ghali na hakuna mtu wa kuniuliza cheti kiko wapi.

Kwa uwanja wa nyuma ya hiyo nyumba ndiko tulianza. Naserian alikuwa anavunja betri za redio zilizokufa, anatoa kile kijiti cheusi cha kaboni ndani, anakisaga. Kutoka Kiserian alikuwa anabeba mawe ya kunoa yaliyoisha, yale meusi ya mafundi wa machimbo, anasaga pia. Anachanganya na udongo, anafinyanga, anachoma. Zikitoka kwa tanuri ni nyeupe na hazina uhai. Unaweka betri, hakuna kitu. Ni kama kumwekea maiti kipaza sauti.

"Ni hewa," akasema siku moja, amekaa juu ya debe, uso umejaa vumbi. "Hewa inakula kaboni yangu kabla udongo haujakomaa."

"Sasa utachomea wapi, mwezini?"

Alikuwa anaangalia barabarani, mama mmoja anapita na gunia la mavi makavu ya ng'ombe, ya kuwashia moto. Naserian akasimama. Wiki hiyo akaenda kwao akarudi na magunia yake. Akafukia plagi ndani ya mavi, ndani ya mkebe wa bati, akafunga na udongo, akachoma mkebe wote. Yale mavi yanaungua pole, yanatoa moshi mzito, yanamaliza hewa yote ya mkebe kabla plagi haijaguswa. Alipofungua, zilikuwa nyeusi tititi. Tukaweka betri ya gari. Plagi ikakaa kidogo kama inafikiria, halafu ikawa nyekundu kama pilipili.

Naserian hakupiga kelele. Alisema tu, "Umeona?" Nimeoa, nimepata watoto, nimeona mengi, lakini hiyo "umeona" bado naisikia.

Sasa kazi yangu. Udongo ukiwa mnene mahali pasipofaa, moto unakaa nyuma na ncha inabaki baridi. Kwa hivyo nilikuwa nimeandika programu, nikaiita Mchoraji. Unaiambia nguvu ya betri, unaiambia tundu la injini ni la ukubwa gani, inakuchorea umbo na kukuonyesha kwa rangi moto utakimbilia wapi. Mwaka wa elfu mbili, wakati stima ilikuwa ya mgao, nilikuwa naiendesha kwa betri ileile tunayojaribia plagi, kwa hivyo mmoja wetu akifanya kazi mwingine anapumzika. Mchoraji akasema umbo zuri ni bapa, nene kwa shina, linapungua kuelekea ncha. Tunachapisha kwa karatasi, tunakata bati kwa kufuata karatasi, tunakata udongo kwa kufuata bati. Umbo kama jani. Ama niseme ukweli: kama sikio.

Tulipopeleka zile za kwanza, mzee alizigeuza kwa kiganja, akainua macho.

"Ng'ombe yangu ikipotea hata iende Mombasa, nitaijua. Hii kitu yenu ikipotea mtaijua aje?"

"Baba, ni plagi," Naserian akasema. "Haiendi malishoni."

"Kila kitu inaenda malishoni."

Mimi nikakaa na hayo maneno, yakaanza kunitekenya. Niliporudi Noonkopir nikafungua Mchoraji, nikaongeza mistari kidogo. Kuanzia hapo kila jani lililochapishwa lilitoka na mikato miwili ubavuni karibu na shina, na ncha imekatwa mshazari. Sikusema kitu. Naserian alikata bati akiwa anaongea na simu ya jirani, hakuangalia. Akaja kugundua mkebe umeshafunguliwa, amesimama na mzigo mzima wa masikio ya baba yake.

Bonge la udongo likanipata kwa shingo.

"Ojwang! Ufa huanzia kwa kona! Kila mkato ni mlango wa ufa, hujui hiyo?"

"Zimepasuka?"

"Zitapasuka!"

"Zimepasuka, lakini?"

Hazikuwa zimepasuka. Mikato ilikuwa chini kwa shina, mahali hapapati moto sana, na mshazari wa ncha haukuwa na neno. Tulizijaribu mpaka betri ikachoka. Zikakataa kupasuka.

"Toa hiyo upuzi kwa mashine yako," akasema.

Nikatoa. Kwa skrini nilitoa. Kwa karatasi iliendelea kutoka.

"Printa ina wazimu," nikamwambia.

"Mwenye wazimu namjua."

Lakini zile za kwanza zenye mikato zilikuwa zimefika Kajiado tayari. Mzee alipoona sikio lake limekuwa plagi, alicheka mpaka akashikilia nguzo ya boma, akaita majirani, akawa anaionyesha kwa kila mtu: "Angalia ndama yangu mpya! Haikuli majani, inakula betri!" Baba akicheka hivyo utamwambia nini? Naserian akaacha. Na asubuhi ile injini iliamka kwa zungusho moja, maji yakaanguka kwa birika, vijana wakabaki wameshika hendeli kama watu wamenyang'anywa kazi.

Basi habari ikatembea. Kisima hiki kinaambia kile. Tukatengenezea watu wa Isinya, wa Bissil, mpaka mkulima mmoja wa Entarara alikuja na injini yenyewe kwa pickup ili tupime tundu. Naserian akaacha kazi ya vigae. Wote tukala kwa hayo masikio.

Ndipo akaja Injinia Githongo.

Alikuja mwaka wa elfu mbili na mbili, mtu nadhifu, miwani ameivalisha kichwa badala ya macho. Akasema ni wa kampuni moja ya Industrial Area inaitwa Cheche Bora, wanataka kutununulia kwa wingi, lakini lazima kwanza maabara yao ijaribu. Naserian alikuwa ameenda kwao kuchukua mavi. Nilikuwa peke yangu.

Githongo akageuza plagi, akapitisha kucha kwa mikato.

"Na hizi ni za nini?"

Sasa mimi uniulize swali kama hilo, na uso mzito namna hiyo, na Naserian hayuko. Wewe ungefanya nini?

"Injinia," nikashusha sauti, "hiyo ndiyo siri yenyewe. Hiyo ni kanuni ya Parmuat."

"Parmuat?"

"Si mlisoma huko? Parmuat! Mkazo wa joto ukifika mkato wa kwanza unapungua. Ukifika wa pili unachoka. Ukifika kwa mshazari unateleza, unaenda zake."

Nilingoja acheke. Tungecheka wote, ningemweleza habari ya ng'ombe, tungekunywa chai. Lakini Githongo akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu amekumbuka jina la mwalimu wake wa zamani.

"Aah. *Parmuat*," akasema. "Kweli, kweli."

Nikaona huyu mtu ni zawadi. Nikampa plagi moja ya maabara, akaniachia kadi yenye maandishi ya dhahabu.

Naserian aliporudi hakufurahi. "Umempa akaenda nayo?"

"Amekopa. Ataleta oda."

Hakuleta oda. Tulipiga nambari ya kadi, tukaambiwa injinia yuko mkutanoni. Mkutano huo ulikuwa mrefu kuliko wowote niliowahi kusikia.

Mtu aliyeleta habari ni Mumbi, jirani yetu hapo Noonkopir, wakili, kila asubuhi anaenda mjini na kila jioni anarudi na viatu mkononi. Siku hiyo aliingia uwanjani bila kubisha. Ofisi ya serikali ya mambo ya uvumbuzi ilikuwa imetangaza maombi mapya, na Cheche Bora ilikuwa imeomba hataza. Serikali inaita hataza. Sisi Noonkopir tulisema patenti. Ya hita plagi ya udongo unaopitisha umeme, umbo la jani.

"Hata sisi tulikuwa tunataka kuomba," Naserian akasema. "Tulikuwa tunangoja baridi ya mwaka huu ipite, tuwe na uhakika."

"Wao hawakungoja baridi," Mumbi akasema. "Sasa nisikilize, dada. Githongo akipewa hiyo kitu, wewe ukitengeneza hata plagi moja, mwizi ni wewe."

"Hata ya baba yangu?"

"Hata ya baba yako."

Naserian akakaa kwa debe lake. Nilimwona akiangalia mikebe, magunia, ile tanuri aliyoijenga kwa mikono yake ikabomoka akaijenga tena. Mara hii hakunirushia kitu. Ningependa angerusha.

"Hakuna njia?" nikauliza.

"Iko," Mumbi akasema. "Mtu akiibiwa uvumbuzi wake, sheria inamruhusu kudai yale maombi yageuzwe yawe kwa jina lake. Lakini lazima aonyeshe kwamba yule mwingine amechukua kwake. Hawezi kusema tu. Hata wao watasema walifikiria wenyewe. Watu wawili wanaweza kufikiria kitu kimoja." Akafungua makaratasi. "Na wameandika vizuri, hawa. Sikiza: 'Mikato mitatu ya kupunguza mkazo wa joto, kwa mujibu wa kanuni ya Parmuat...'"

Naserian akageuza shingo pole pole kuelekea kwangu.

"Ojwang."

"Naam."

"Kanuni ya nani?"

Nilijaribu kujizuia. Haki ya Mungu nilijaribu. Nikaanza kutetemeka mabega, halafu nikaenda chini kabisa kwa vumbi nikashika tumbo. Nilipopata pumzi niliwaeleza yote, unapungua, unachoka, unateleza unaenda zake. Mumbi alikuwa amejiziba mdomo na makaratasi ya kesi. Naserian alikaza uso muda mrefu, akakaza, akakaza, halafu pua ikamsaliti.

"Sasa huyu mtu," Mumbi akasema akijipangusa macho, "asiambiwe kitu. Hata kidogo. Wacha aseme mwenyewe mbele ya watu."

Mumbi akapeleka madai yetu kwa ile ofisi ya serikali, na ofisa aliyepewa kesi aliitwa Madam Kavutha. Mumbi alikuwa akimwogopa, na Mumbi haogopi mtu. Madam alisoma makaratasi ya pande zote mbili akayasukuma kando, akasema amechoka na maneno, anataka kuona hiyo kitu ikiwasha injini. Mumbi akasimama akasema kwa heshima kwamba upande wetu unajua injini moja ngumu sana, iko kisima fulani nje ya Kajiado. Githongo akajibu kwamba Cheche Bora inaweza kuwasha injini yoyote, popote.

Hakuuliza kisima ni cha nani. Mtu wa mjini haulizangi mambo kama hayo. Kisima ni kisima.

Tukafika huko asubuhi, mwezi wa saba, elfu mbili na tatu, baridi inauma masikio ya watu na ya ng'ombe. Mzee Parmuat alikuwa amesimama kando ya birika, amejifunika shuka mpaka mdomo, ameegemea fimbo. Tulimwambia anyamaze mpaka aulizwe. Ilimuuma sana, kwa sababu kunyamaza si kipaji chake.

Githongo alikuja na sanduku zuri lenye mahameli ndani. Plagi zake zilikuwa laini, zimenyooka, umbo letu kabisa, mikato yote mitatu iko. Lakini zilikuwa na rangi ya majivu. Fundi wake akafunga ya kwanza, akaweka betri, vijana wakazungusha hendeli. Injini ikakohoa mara moja, ikarudi kulala. Akafunga ya pili. Haikukohoa hata.

"Ni hali ya hewa," Githongo akasema.

"Hita plagi ni ya hali ya hewa gani, injinia?" Madam Kavutha akauliza.

Vijana wa hendeli wakacheka. Githongo akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu kimefungwa kwa kitambaa. Plagi nyeusi tititi. Ilikuwa ile yetu, ile niliyompa kwa mkono wangu huu.

"Hii ndiyo sampuli yetu bora," akasema.

Ikafungwa. Hendeli ikazungushwa. Injini ikaamka kwa zungusho moja na kuanza kunguruma, na Githongo akateremsha miwani kutoka kichwani akaivaa machoni, ameridhika.

Ikazimwa, wakangoja ipoe, Naserian akafunga yake. Ikaamka vilevile, na hiyo ikaachwa ifanye kazi, maji yakaanza kupanda.

"Sawa," Madam Kavutha akasema, akiwa ameshika zote mbili, nyeusi ya Githongo na nyingine ya Naserian kutoka mkebe. "Zote zimewasha. Zote ni sawa. Nani ameiga nani?"

Hapo ndipo nilijua tunaweza kushindwa. Mumbi akafungua mdomo, lakini Naserian alikuwa ameshasogea mbele.

"Madam, naomba kumuuliza injinia kitu kimoja. Injinia, hiyo nyeusi ulichomea wapi?"

"Tanuri ya umeme. Ya kisasa kabisa."

"Na hizi za majivu?"

"Tanuri hiyohiyo."

"Siku moja?"

"Siku moja, pamoja."

Naserian akachukua moja ya majivu, akaivunja kwa jiwe, akaonyesha ndani. Nyeupe kama mfupa. "Tanuri ya umeme ina hewa. Hewa inakula kaboni, hii imekufa kabla haijazaliwa. Niliua hivi mwaka mzima. Yangu nafukia ndani ya mavi ya ng'ombe, moshi unamaliza hewa, kaboni inabaki. Sasa injinia atueleze: watoto wa tumbo moja, siku moja, mbona huyu mmoja peke yake ametoka mweusi?"

Githongo akagusa miwani. "Inategemea... mahali ilikuwa imekaa."

"Mahali gani?"

"Kwa kona."

"Kona," Madam Kavutha akasema, akaandika. Halafu akageuza plagi kwa vidole. "Na hii mikato?"

Uso wa Githongo ukapata uhai. Hapa alikuwa amejitayarisha. Akanyoosha koti. "Huo, Madam, ndio moyo wa uvumbuzi wetu. Mkazo wa joto ukifika mkato wa kwanza unapungua. Wa pili, unadhoofika kabisa. Ncha ya mshazari inauelekeza nje. Ni kanuni ya Parmuat."

Sikuangalia upande wa Naserian. Ningemwangalia ningekufa.

"Huyu Parmuat ni nani?"

"Mtaalamu wa zamani, wa Ulaya Mashariki. Maandishi yake ni adimu. Lakini sisi mainjinia tunamfahamu."

Wakati huo maji yalikuwa yamejaa birika, na ng'ombe huwezi kuwaambia wangoje kesi iishe. Walishuka wote pamoja, vumbi juu, wakasukuma watu kando. Ng'ombe mmoja mwekundu akapitisha kichwa chini ya kwapa la Madam Kavutha akaanza kunywa. Githongo akaruka nyuma. Madam hakuruka. Amelelewa Makueni, ng'ombe si kitu kwake. Alimpiga kofi la shingo kumsogeza, mkono ukasimama hapo hapo.

Akaangalia sikio la ng'ombe. Akaangalia plagi. Akachukua plagi akaiweka kando ya sikio, kama fundi wa nguo anayepima mkono wa shati. Mikato miwili, mikato miwili. Mshazari, mshazari.

Akaenda kwa ng'ombe wa pili. Akapima. Wa tatu. Injini peke yake ndiyo ilikuwa inaongea.

"Hawa ng'ombe ni wa nani?"

Mzee akateremsha shuka kutoka mdomoni. Alikuwa amengoja hilo swali tangu jana.

"Ni yangu."

"Jina lako, mzee?"

"Parmuat."

Fundi wa Githongo ndiye alicheka wa kwanza, maskini, ikamtoka kwa pua kabla hajakumbuka mwajiri ni nani. Halafu vijana wa hendeli, halafu Mumbi, halafu kila mtu.

"Madam, ni sadfa," Githongo akasema. "Sadfa tu."

"Mikato sadfa, mshazari sadfa, na jina pia sadfa?"

Mzee akasogea, akamchungulia Githongo uso kwa karibu, bila hasira, vile mtu anamwangalia mnyama ambaye hajawahi kumwona.

"Mimi nimeibiwa ng'ombe mara mingi," akasema. "Mwizi anapeleka mbali, anapeleka Tanzania, anachinja usiku. Lakini mwizi ya kuleta ng'ombe yangu kuja kunywa maji kwa kisima yangu, na ananiambia jina yangu, mimi leo ndio naona." Akamshika bega. "Karibu chai, ero. Kunywa chai na Parmuat ya Ulaya."

Githongo hakunywa chai. Sisi tulikunywa, na Madam Kavutha alikunywa mbili, lakini akajilipia kwa maneno makali kwamba chai si uamuzi.

Uamuzi ulikuja baadaye kwa maandishi: maombi yote ya Cheche Bora yageuzwe yawe kwa jina la Naserian binti Parmuat, mvumbuzi. Na hataza yenyewe ilipotoka, ilikuwa na muhuri, na jina lake juu, na mimi chini yake kwa sababu ya umbo. Programu yangu hawakuipa hataza. Walisema programu ni kama hesabu, haina mwenyewe. Naserian akasema ni vizuri, kwa sababu hiyo moja imejaa uongo.

Mumbi alikuwa amemuuliza kama tuchore upya, bila mikato. Naserian akaangalia mchoro, akasema, "Wacha. Baba atauliza zimeenda wapi." Kwa hivyo mpaka leo, mahali fulani kwa kabati ya serikali, kuna sikio la ng'ombe lenye muhuri.

Tulipoipeleka Kajiado ili mzee aione, hakuisoma. Alipitisha kidole kwa mchoro, mkato, mkato, mshazari, akaitikia kwa kichwa. Halafu akaniita nje. Kwa kamba alikuwa ameshika mtamba mweusi, masikio mazima, hayajaguswa.

"Yako," akasema. "Sasa usiniambie tena habari ya kompyuta. Chagua alama."

Nikaishika hiyo kamba kwa mikono miwili, mtu mzima. Naserian akapiga kelele kutoka mlangoni: "Baba, usimpe kisu! Atamchora upuzi!"

Nilichora alama nyingi kwa Mchoraji. Hakuna iliyonifaa. Mpaka leo sijamkata, na sasa ana watoto na wajukuu, wote masikio mazima. Wanatangatanga vile wanataka. Kule sokoni Kajiado mtu akiona ng'ombe mweusi hana mkato hata mmoja, haulizi mara mbili. Anasema, "Huyu ni wa yule olmeek wa plagi," na anamrudisha nyumbani.